Watu walitangulia Mbagala, barabara ikaja nyuma

Shikamooni wazee wangu, habari za mchana ndugu zangu, na nyie vijana mliosimama huko nyuma kwenye kivuli sogeeni basi, viti bado vipo na maneno haya nimeyaandaa zaidi kwa ajili yenu.

Nimeombwa niongelee Mbagala yetu, huku kusini mwa Dar es Salaam, ilikotoka na tunavyoishi. Mimi nimefundisha shule za msingi huku maisha yangu yote ya kazi mpaka nastaafu, nimefundisha wazazi wa wengi mliokaa hapa na wengine nimefundisha mpaka watoto wao, kwa hiyo naijua Mbagala kwa njia ya rejista ya darasa, na nikiwaambia jambo leo jueni nimeliona likipita mbele ya ubao. Na jambo langu ni moja tu, nalisema mapema ili tusizungushane: huku watu walikuja kwanza. Ramani ikaja baadaye, maji yakaja baadaye, shule ikaja baadaye, lami ikaja baadaye. Kila kitu mnachokiona hapa kililetwa na watu ambao walishakaa tayari, wakachimba, wakajenga, wakadai. Mtu akikwambia Mbagala ni uswahilini tu pamejaa watu, muulize hao watu wametoka wapi na walikuta nini.

Walikuta mashamba. Zamani ukishavuka Mtoni unaenda kusini kulikuwa na minazi, mikorosho, miembe na mihogo, vijiji vya Wazaramo na ndugu zao Wandengereko vimetawanyika mbali mbali, na katikati inapita njia ya Kilwa. Mji wenyewe ulikuwa mdogo jamani. Sensa ya 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742, sensa ya 1967 wakawa 272,821. Leo jiji zima ukiligawa kwa manispaa, Temeke peke yake kwenye sensa ya 2022 ina watu 1,346,674, na hapo Kigamboni ilishakatwa kutoka kwetu imekuwa wilaya yake yenyewe. Yaani Temeke moja ya leo inameza Dar yote ya 1967 mara nne na bado chenji inabaki.

Kwa hiyo enzi hizo mjini ilikuwa Kariakoo, Ilala, Magomeni, na upande wetu Temeke na Chang'ombe. Mtoni ndo ilikuwa mwisho wa mji. Vijana kila siku mnapita kituo cha Mtoni kwa Aziz Ali konda anaita "Azizali Azizali" bila kupumua, sijui kama mmewahi kujiuliza. Mzee Aziz Ali alikuwa mtu wa kazi za ujenzi hapa mjini, na mwanawe Dossa Aziz ni katika wale waliotoa mali zao kwa TANU wakati chama kinaanza 1954 hakina hata usafiri. Naona ni haki mtoto wa Mbagala alijue hilo kabla hajajua majina ya wachezaji wa Ulaya. Na hapo hapo Mtoni ndo kuna mtambo wa maji unaovuta Mto Kizinga tangu wakati wa mkoloni, maji yakapelekwa mjini miaka na miaka, sisi tuliokaa juu ya mto wenyewe tukiwa tunachota kwa ndoo. Hilo nitalirudia.

Sasa watu walikujaje. Angalieni ramani. Ukitoka kusini, Mtwara, Lindi, Kilwa, Rufiji, Mkuranga, mlango wako wa kuingilia Dar ni Kilwa Road, na mahali pa kwanza panapoonekana kama mji ni hapa. Mtu ametoka Umatumbini, amepita Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, kakaa njiani siku mbili na kama mvua imenyesha hata wiki, akifika Mbagala anakuta mtu wa kwao, anasalimia kwa lugha ya kwao, anapewa mkeka. Akienda mjini hana anayemjua. Basi anabaki hapa. Hivyo hivyo Wangindo, Wamwera, Wayao, Wamakonde, na Warufiji wengi, maana kule bondeni kulikuwa na mafuriko makubwa mwaka 1968 na baada yake serikali ikawahamisha watu kwenye vijiji vya ujamaa huku juu, sio wote walioizoea ile hali, wengine wakaona bora mjini wakatafute kibarua bandarini, Kurasini, Chang'ombe viwandani. Kutoka Mbagala mpaka Chang'ombe mtu alikuwa anatembea kwa miguu alfajiri na kurudi jioni, na hao ndo babu zenu, wazee wengine wapo hapa wanatikisa kichwa.

Ardhi walipataje? Hapa nataka msikilize vizuri maana ndo chanzo cha mambo mengi. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilifuta umiliki wa moja kwa moja wa ardhi, ardhi ikawa mali ya umma, kwa hiyo kwa sheria hakuna mtu aliyekuwa anauza udongo. Ulikuwa unanunua kilichopo juu. Mnakubaliana na mwenye shamba, mnahesabu minazi, mikorosho, miembe, mnapanga bei ya miti, mnapima kwa hatua za miguu toka mnazi huu mpaka ule mkorosho, mnaandika karatasi mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi, kila mtu anaweka sahihi na asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Basi kiwanja chako hicho. Mpaka wako ni mti. Na mti ukikatwa au ukidondoka na mvua ndo kesi inaanza, nimeona majirani waliokuwa wanakula sahani moja wakaacha kusalimiana kwa ajili ya mkorosho uliokufa zamani.

Serikali haikulala, tuwe wakweli. Miaka ya 70 ulikuja ule mradi wa viwanja kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ndo ikapatikana Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, mitaa imenyooka mnaona wenyewe mkienda. Miaka ya 2000 ikaja viwanja 20,000, mradi ulioanza 2002, na upande wetu ukagusa Toangoma na Mtoni Kijichi. Lakini hesabu yake haikuendana na watu. Dar ya 1978 ilikuwa na watu kama 843,000, ya 2002 inakaribia milioni mbili na nusu, ya 2012 ni 4,364,541. Watu wanakuja kila siku, viwanja vinapimwa kwa vipindi, na mtu mwenye watoto watatu na mkungu wa ndizi kichwani hawezi kusubiri mpimaji. Akajenga. Nyie mnaolalamika vichochoro vyetu vimepinda, vimepinda kwa sababu vilifuata mipaka ya mashamba ya watu, kile kichochoro cha nyuma ya soko kinakata kona ghafla kwa sababu pale kulikuwa na shamba la mtu aliyekataa kuuza.

Halafu ngoja niwaeleze rejista. Nilipoanza kufundisha huku, majina niliyokuwa naita asubuhi yalikuwa Mwanahamisi, Shomari, Pili, Mbwana, Zainabu, Mtumwa, Salum, nikiita darasa zima ni kama naita ukoo mmoja. Miaka ikasogea, miaka ya Mzee Ruksa ile, Mzee Mwinyi, ambaye mwenyewe kazaliwa hapo jirani Mkuranga, biashara zikafunguliwa, mabasi ya watu binafsi yalisharuhusiwa tangu 1983 ndo daladala zikazaliwa, mtu akaweza kukaa Mbagala na kufanya kazi Kariakoo bila kutembea. Rejista ikaanza kubadilika. Akaingia Neema, akaingia Baraka, akaingia Mwita, Masanja, Mushi, Kokugonza, Tumaini, Sanga. Mangi akafungua duka kona, Mpemba akafungua la kwake upande wa pili, Mkinga akaja na vyombo vya plastiki, Mmasai akaja kulinda, Mkurya akaja polisi au jeshini akaoa Mndengereko, na mtoto wao ukimuuliza kabila anakuangalia tu, anakwambia mimi wa Mbagala.

Mtu wa nje anaweza kudhani kuchanganyika hivi ni kitu kilichotokea chenyewe. Hapana. Kina mbinu zake na mojawapo ni utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara ya pembe, Mngoni ana watani wake, Mndengereko ana wake, kwa hiyo mgeni akihamia mtaani tayari kuna mtu mwenye ruhusa ya kumtania, kumnyang'anya chakula mkononi, kumzuia mlangoni siku ya msiba mpaka atoe hela ya soda, na ukishatukanwa na mtani wako mbele za watu ukacheka basi wewe sio mgeni tena. Nyingine ni misiba yenyewe. Huku mtu akifa hakuna anayeuliza dini yake kwanza, turubai linafungwa, vijana wanakusanya mchango na daftari nyumba hadi nyumba, kina mama wanaingia jikoni na masufuria yao, waislamu wanakaa msiba wa wakristo mpaka jeneza linatoka na wakristo wanabeba matunda na sukari kwenye arobaini. Mimi nimeishi kwa kuliona hilo na naliheshimu kuliko majengo yote yaliyosimama Kilwa Road.

Na nyumba zetu ndo zilitufundisha. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, vitatu huku vitatu kule, mbele baraza, nyuma uani, choo na bafu vya pamoja. Mwenye nyumba anakaa vyumba viwili, vinne amepangisha, kila chumba familia. Uani asubuhi unakuta majiko matano yanafuka moshi, mmoja anachemsha chai, mmoja anapika uji wa mgonjwa, mwingine anakaanga vitumbua vya kuuza, na watoto wote wanaogeshwa kwa zamu kwenye beseni moja. Ugomvi upo, nani hajafagia zamu yake, nani kamaliza maji, na tangu ilipokuja LUKU ugomvi mkubwa ni umeme, mita moja familia sita, huyu ana friji ya kuuza barafu, yule ana pasi, yule ana taa tu na bado mnachanga sawa. Nawajua watu waliohama nyumba kwa sababu ya friji. Lakini nyumba hiyo hiyo mama akienda kujifungua usiku watoto wake wanalala chumba cha jirani na asubuhi wanapelekwa shule wameshakunywa chai. Siku hizi mnajenga nyumba za geti na fensi, sawa, maendeleo, kila mtu apumzike kwake, ila angalieni watoto wenu, wengi hawamjui hata bibi wa nyumba ya pili anaitwa nani, na hilo mimi silipendi na ninalisema wazi.

Asubuhi ya Mbagala mnaijua hamhitaji niwasimulie, lakini niiseme ili iandikwe. Saa kumi alfajiri Rangi Tatu, kituo chetu kikubwa cha magari, imeshaamka. Mama wa mihogo keshawasha moto, wa kahawa anagonga vikombe, lori la machungwa na mihogo limeingia kutoka Mkuranga na Kisiju, mkaa na nazi vimeshashushwa, mabasi ya kusini yanapiga honi, na kituoni watu wamejaa mpaka barabarani wanasubiri gari la Kariakoo, la Posta, la Mwenge, la Ubungo. Miaka mingi kupanda gari hapa ilikuwa kazi kabla ya kazi. Mlangoni hapapitiki, vijana wanaingia dirishani, mama mjamzito anasukumwa, mwanafunzi konda anamwangalia kama deni kwa sababu nauli yake ndogo. Wanafunzi wangu walikuwa wanafika darasani vifungo vimekatika. Wengine walikuwa wanapanda gari la kinyume, wanageuza nalo mpaka mwisho wa njia kule ili tu wapate kiti cha kurudia, yaani mtoto wa kidato cha pili anatoka nyumbani saa kumi kasorobo ili afike shule ya mjini saa moja na nusu. Halafu mtu anakuja kusema watoto wa Mbagala hawafaulu.

Barabara yenyewe imejengwa mara kadhaa machoni petu. Kwanza lilipofunguliwa Daraja la Mkapa pale Rufiji, 2003, daraja linalokaribia kilomita moja, kusini ikasogea. Safari za kusubiri kivuko zikaisha na watu na mizigo ikaongezeka hapa mara dufu, gesti zikajengwa, maghala, maduka ya spea. Baadaye Kilwa Road ikapanuliwa kwa msaada wa Japani, tukapumua kidogo, halafu magari yakaijaza tena. Halafu ikaja kazi ya barabara ya mabasi ya mwendokasi awamu ya pili, kilomita 20.3 kuja mpaka Mbagala, vumbi, michepuko, fremu zilizobomolewa, biashara zilizohama. Nawaomba tusisahau wale waliohamisha meza zao kwa ajili ya ile barabara, kina mama wa chakula, mafundi viatu, wauza mitumba, hawa ndo walilipa sehemu yao ya kwanza kabla tiketi yoyote haijakatwa.

Tuje shule, hapa ndo pangu. Serikali ilipoondoa ada ya msingi na kuja na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, 2002, watoto walimiminika. Ilipokuja elimu bila ada Januari 2016 wakamiminika tena, na sehemu ambayo nchi nzima iliiona hali hiyo ni hapa kwetu, Majimatitu, shule ya msingi yenye wanafunzi kwa maelfu, magazeti yote yaliandika. Nataka muelewe mwalimu anaposimama mbele ya darasa lenye watoto zaidi ya mia, nusu yao wamekaa chini, anafanya nini. Hawezi kusahihisha madaftari yote. Anachagua. Anaita safu hii leo, safu ile kesho, na yule mtoto mkimya wa kona anaweza kumaliza wiki hajaitwa jina lake. Tukaingia zamu mbili, wa asubuhi na wa mchana, madawati hayapoi. Na pamoja na yote hayo hapa hapa wametoka madaktari, wahandisi, wanajeshi, walimu wenzangu. Kila shule mpya iliyojengwa Charambe, Chamazi, Kiburugwa, Kilungule, ilianza na kamati ya wazazi inayokaa chini ya mti inalalamikia umbali, mimi nilikuwa kwenye hivyo vikao, wazazi walibeba matofali na mchanga kwa nguvu zao kabla bajeti haijafika.

Maji nilisema nitarudi. Kwa miaka mingi bomba letu lilikuwa stori. Watu wakachimba visima, mwenye kisima kirefu na pampu akawa mtu mkubwa wa mtaa, anauza kwa ndoo, kina mama na watoto wanapanga madumu usiku kucha. Visima vifupi vingi vina chumvi na vingine vipo hatua chache kutoka kwenye choo cha jirani, na kila mji unapopata kipindupindu, kama 2015, mitaa kama yetu inaumia mapema. Siku hizi DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wamesogeza mabomba mitaa mingi na kuna vile visima virefu vya Kimbiji na Mpera vinavyolengwa kuhudumia upande huu, na palipofika maji maisha ya mwanamke yamebadilika siku hiyo hiyo, muda aliokuwa anakaa foleni ya kisimani sasa anashona, anauza, au analala tu, na kulala nako ni haki yake.

Kuna siku moja lazima niitaje, na wenye kumbukumbu nzito mnivumilie. Jumatano tarehe 29 Aprili 2009, mabomu ya ghala la kambi ya jeshi yalilipuka Mbagala. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba zikabomoka na mabati yakaruka. Ilikuwa siku ya shule. Watoto walikimbia kila upande, wengine walikimbia mpaka Kongowe, wengine wakaelekea mjini, wazazi wanakimbia kuja na watoto wanakimbia kutoka, hawaonani. Tulikesha na orodha za majina. Nakumbuka watu wasiojulikana, makonda wa daladala, wanajaza watoto kwenye gari bila nauli wanawaondoa eneo lile, na mitaa ya mbali watu wakafungua milango wakalaza watoto wa watu ambao hawajawahi kuwaona, wakawapikia, wakawapeleka kituo cha polisi kesho yake wakiwa wameoga. Nyumba zilizopasuka siku ile nyingine zina nyufa mpaka leo. Nasema mitaa iliyopitia siku ile ingestahili angalau jiwe lenye majina ya waliokufa, sehemu ya wazi, watoto walisome.

Tusimalizie kwa huzuni pia, Mbagala inapenda furaha. Ngoma za Wazaramo, mdundiko, zilikuwa zinapita mtaani watu wanaifuata ngoma mpaka wanapotea mitaa ya mbali, mama anatafuta mwanae anaambiwa kaondoka na mdundiko. Kutoka huko ukaja mchiriku na vinanda vidogo vya umeme na spika zinazokwaruza, na kutoka mchiriku na mambo ya vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, ikazaliwa singeli, huku kwetu, Manzese, Tandale, mitaa ambayo redio zilikuwa zinaidharau, na sasa singeli inapigwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Vijana mnaofanya singeli najivunia nyie kweli kweli. Ila nawaomba kama mwalimu, ikifika wiki ya mtihani wa darasa la saba na kidato cha nne zimeni spika saa nne usiku, mtoto wa chumba cha pili anasoma kwa tochi ya simu. Na mpira je, Azam walipojenga uwanja wao Chamazi watu walicheka, nani ataenda kuangalia mpira porini, msimu wa 2013/14 wakachukua ubingwa wa ligi bila kufungwa hata mechi moja, na Chamazi ile ya mihogo leo viwanja havishikiki bei.

Na bei ndo inanileta kwenye ombi langu. Ardhi ya Mbagala imepanda na inaendelea kupanda, mwendokasi umeongeza tena. Madalali wanapita kwa wazee, hasa wajane, hasa nyumba za karibu na barabara, wanakuja na hela taslimu kwenye bahasha na karatasi ya kusaini leo leo. Mzee ana karatasi ya mauziano ya 1979 imekunjwa ndani ya Kurani au Biblia, mashahidi wote walishakufa, hana leseni ya makazi, hajafanya urasimishaji, yaani kiwanja chake hakijapimwa na kutambuliwa rasmi, watoto wameanza kugombana. Huyo mtu ndo alikuja wakati hamna kitu akafungua njia, sio haki aondoke kwa hela ya kununua pikipiki mbili halafu akaanze upya Vikindu kwenye mashamba, asubiri maji miaka mingine ishirini. Kuuza sio dhambi, auze anayetaka, ila auze akijua bei, mbele ya serikali ya mtaa, na familia ikiwa imekaa. Na waliojenga kwenye kingo za Mto Kizinga na Mzinga nawaambia kwa upendo, mto unakula, kila masika unachukua ukuta wa mtu, msimuuzie mtu mwingine hatari hiyo mkaita kiwanja.

Kwa hiyo naomba tufanye hivi. Sisi walimu wastaafu tupo kadhaa, tumekubaliana tutakuwa tunakaa hapa shuleni Jumamosi baada ya saa nne. Mzee mwenye karatasi ya zamani ya shamba au kiwanja aje nayo, hatuichukui, kijana atapiga picha kwa simu, tunaandika nani alimuuzia nani, miti ilikuwa mingapi, mjumbe alikuwa nani, mtaa ulikuwa unaitwaje kabla ya jina la sasa. Karatasi atarudi nayo nyumbani, na nakala ya picha tunampa yeye na mtoto mmoja anayemwamini, ili ikiliwa na mchwa kuna kitu kimebaki, na siku ya urasimishaji ana pa kuanzia. Vijana wenye simu nzuri na mwandiko mzuri nahitaji majina yenu leo kabla hamjaondoka, daftari lipo kwa mwenzangu pale mlangoni. Tunaanza na Kizuiani na Charambe maana wazee wake wamebaki wachache, halafu Kijichi, halafu Mbagala Kuu. Wazee wa Kizuiani, Jumamosi hii nawasubiri, na asiyeweza kutembea atume mjukuu tumfuate na bajaji.

Asanteni sana.